Hatua Moja kwa Siku

Ijumaa ile Valerie alisema maneno kumi na moja tu, na mama yake aliyahesabu.

"Niko sawa. Nimekula. Shule ni sawa. Nyanya yuko hapa. Ngoja nimpatie."

Kisha simu ikabadilisha mkono, na sauti ya nyanya ikaingia, ya furaha kama kawaida, ikieleza habari za mvua, za ng'ombe aliyekataa kukamuliwa na za harusi ya jirani. Edith Nyanchama alimsikiliza mama yake, akaitikia panapostahili, lakini moyo wake ulikuwa umebaki nyuma kwenye yale maneno kumi na moja. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake huko Al Mansoura, Doha, katika chumba walichokaa wanawake wanne, na sare yake ya kazi ilikuwa ikikauka dirishani.

Alimwacha Valerie kwao Keroka, Kenya, akiwa na miaka minne. Sasa mtoto alikuwa na tisa. Babake alikuwa amehamia Nakuru na kuanza maisha mengine hata kabla Nyanchama hajapata pasipoti, kwa hivyo kazi ya kumlea walibaki kugawana yeye na mama yake, Nyaboke: Nyaboke kwa mikono, yeye kwa simu. Mara ya mwisho alipoenda likizo, miaka miwili iliyopita, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya nyanya yake akawa anamchungulia kama mgeni aliyekuja kuuza kitu. Alipoanza kumzoea, likizo ikaisha.

Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ni vile tu hawakuwa na la kuzungumza. Nyanchama alikuwa hausikipa katika hoteli moja kule The Pearl, mtaa wa kitajiri wa Doha. Siku yake ilikuwa vyumba kumi na vinne, mashuka, taulo, na vioo vya bafuni ambavyo havitakiwi kuonyesha alama ya kidole. Utamwambia nini mtoto wa miaka tisa kuhusu taulo? Na Valerie naye angemweleza nini mtu asiyemjua hata rafiki yake mmoja kwa sura? Basi mama aliuliza kama amekula, na mtoto akajibu kwamba amekula.

Ijumaa iliyofuata mambo yalianza vile vile. "Niko sawa. Nimekula." Halafu, labda kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa bado linamuuma, Valerie akaropoka.

"Mwalimu Cyrus ametuletea chesi shuleni. Nilicheza na Bradley wa Gredi ya Sita. Akanimaliza kwa hatua nne. Watu wote wakacheka."

"Chesi?" Nyanchama alishtuka kwa furaha ya kupewa habari. "Hiyo chesi ni ile... inachezwaje?"

"Wewe huwezi kujua," mtoto akasema. Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayetaja jambo la kawaida, kwamba nje kuna jua. "Ngoja nimpatie nyanya."

Simu ilipokwisha, Nyanchama aliinua macho akamkuta Shamira anamtazama kutoka kitanda cha juu.

Shamira alikuwa Mganda wa Jinja, mlinzi katika jengo la maduka kule kule The Pearl, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kupanga watu foleni. Aliswali kwa wakati, alikula pilipili kama karanga, na hakuwa na subira na mtu anayejionea huruma.

"Mama Vale, mbona uso umekuwa hivyo?"

"Wewe unajua chesi?"

Shamira akacheka. Aliteremka, akavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, akapekua chini ya nguo mpaka akapata kijisanduku cha plastiki. Kilipofunguliwa kikawa ubao mdogo wa miraba myeusi na myeupe, na ndani yake kete za sumaku, kila moja si kubwa kuliko kidole gumba.

"Nnyabo, bibie," akasema, "mimi nilichezea shule yangu miaka mitatu. Niliwapiga wavulana wa Kampala mpaka mmoja akalia. Kaa chini."

Siku tatu za kwanza zilikuwa za kujua nani anatembea vipi. Askari, wale wanane wa mstari wa mbele, husonga mraba mmoja kwenda mbele, au miwili akiwa ndiyo kwanza anaondoka, na hula kwa mshazari. Ngome huenda moja kwa moja. Askofu huenda mshazari. Farasi huruka. Malkia huenda atakako. Mfalme ndiye mchezo wenyewe: akibanwa akakosa pa kukimbilia, mambo yamekwisha, hata kama jeshi lako lote lingali zima. Nyanchama aliyaandika haya kwenye karatasi, akayakariri huku akitandika vitanda vya watu wasiomjua.

Kumbe kujua kutembea si kujua kucheza. Asubuhi walipanda metro pamoja kutoka Al Mansoura, wakabadilisha treni Msheireb, wakaenda mpaka Legtaifiya kungoja basi la kuingia The Pearl. Shamira aliweka ubao magotini, na kabla hawajafika katikati ya safari alikuwa tayari amemfunga.

"Huyu farasi umemweka hapa pembeni kufanya nini?" aliuliza siku moja.

"Hapa hakuna anayeweza kumla."

"Na yeye anaweza kumla nani?" Shamira alimng'oa farasi, akambandika kwenye kona ya ubao. "Hesabu mahali anapoweza kwenda."

Nyanchama akahesabu. Palikuwa pawili tu.

Shamira akamweka katikati. "Sasa hesabu."

Palikuwa panane.

"Sawa. Sisi tumepandia wapi treni? Al Mansoura. Mwisho wa laini. Ukiwa pale, treni inakupeleka upande mmoja tu, ukipenda usipende. Lakini ukisimama Msheireb, unaenda unakotaka, uwanja wa ndege, Lusail, hospitali. Kwa hiyo mchezo ukianza, wewe kimbilia Msheireb. Sukuma askari wako wa katikati. Watoe farasi waangalie katikati. Mwenye kati ndiye anayeamua wengine wapite wapi."

Mzee wa Kihindi aliyekuwa ameketi mbele yao, mwenye begi la vifaa vya umeme, alitikisa kichwa kukubali ingawa walikuwa wakizungumza Kiswahili. Alikuwa amemwona farasi akihama.

Kosa jingine la Nyanchama lilikuwa malkia. Alimpenda. Alikuwa na nguvu kuliko wote, basi kwa nini akae ndani? Kila mchezo alimtoa mapema, na kila mchezo Shamira alimfukuza, mara kwa farasi, mara kwa askofu, mara kwa askari mdogo. Baada ya hatua nane malkia alikuwa amezunguka ubao mzima akitafuta pa kujificha, na watu wote wa Shamira walikuwa wametoka nje wamejipanga.

"Unaona? Malkia wako anakimbia kila siku, wangu wanakuja kazini," Shamira alisema. "Toa wote kwanza. Usimtembeze mmoja mara tatu wenzake wamelala. Farasi wawili, maaskofu wawili, halafu umfiche mfalme. Baadaye ndiyo unamwita malkia."

Kumficha mfalme kulimpendeza Nyanchama kuliko yote. Mfalme anapiga hatua mbili kuelekea ngome yake, na ngome inamruka na kukaa upande wa pili kumkinga. Ndiyo hatua pekee katika mchezo ambapo wawili huondoka pamoja. Alipoijua, hakucheza tena bila kuifanya.

Jambo la mwisho Shamira alilomfundisha mwezi ule lilikuwa swali. "Kila nikicheza, usishike kete yako kwanza. Jiulize: huyu amefanya hivi kwa nini? Anataka nini? Wewe unafikiria ya kwako tu. Mimi nina yangu hapa."

Ndipo Nyanchama alipokumbuka zile hatua nne. Alimweleza Shamira, na Shamira akaonyesha papo hapo bila hata kufikiri: malkia anatoka upande huu, askofu anatoka upande huu, na wote wawili wanamlenga askari mmoja aliye ubavuni mwa mfalme, askari ambaye hana mlinzi mwingine ila mfalme mwenyewe. Asiyeuliza mwenzake anataka nini, hujikuta amekwisha.

Kupiga simu kwa WhatsApp kutoka Doha ni kubahatisha, kwa hivyo siku za kazi watu hurekodi sauti. Jioni ile Nyanchama alirekodi akiwa kituo cha basi, huku jasho la Julai likimtiririka shingoni.

"Vale, huyo Bradley alikuja na malkia na askofu, sivyo? Akamla yule askari wa karibu na mfalme. Akija tena hivyo, usiogope. Mkinge yule askari, halafu mtoe farasi amfukuze malkia. Atakimbia. Na kila akikimbia, wewe toa mwingine."

Jibu lilikuja kesho yake baada ya shule, kutoka simu ya Nyaboke. Lilikuwa na sekunde tatu tu.

"Mama, umejuaje?"

Nyanchama alilisikiliza mara tano kwenye chumba cha mashuka, akiwa ameegemea toroli. Kwa muda mrefu mtoto hakuwa amemuuliza kitu chochote.

Walianza kucheza wiki hiyo hiyo. Valerie alichora ubao kwenye kipande cha katoni, akaandika majina ya kete juu ya vizibo vya soda. Nyanchama alinunua ubao wake mdogo katika duka la vitu vya shule karibu na kwao Al Mansoura, akauweka juu ya kabati akiwaomba wenzake wasiuguse. Makubaliano yalikuwa hatua moja kwa siku. Valerie angerekodi yake akitoka shuleni, mama angejibu akitoka kazini. Saa za Doha na za Kenya ni zile zile, na hilo lilimfariji Nyanchama kuliko alivyotarajia: kila alipotazama jua likishuka nyuma ya maghorofa, alijua na kule linashuka.

Mwanzoni ujumbe ulikuwa mfupi, jina la kete na mraba inakokwenda, kwa herufi na namba. "Askari, e nne." Siku ya sita ukaongezeka: "Farasi, f tatu. Nyanya amechoma mahindi." Siku ya kumi: "Askofu, c nne. Mwalimu Cyrus amesema nikae mbele kwa sababu sioni ubao vizuri. Usimwambie nyanya, atasema ni simu." Nyanchama hakumwambia. Alimpigia mwalimu, wakapanga mtoto apimwe macho, na Nyaboke akaelezwa na mwalimu mwenyewe. Valerie alipata miwani. Akatuma picha, uso umekunjamana, miwani imepinda kidogo upande mmoja. "Malkia, e mbili. Wameniita profesa."

Halafu Nyanchama akakosea.

Hakukosea kwa kutojua. Aliona malkia wake anaweza kuliwa, akamwacha pale makusudi. Alitaka asikie furaha ya mtoto.

Jibu lilichelewa mpaka saa moja ya jioni. "Mama, umemwacha malkia. Uliona ama hukuona?"

"Sikuona, Vale. Aii, umenipata!"

Dakika zikapita. "Unadanganya," sauti ikasema, taratibu, na baada ya hapo hakukuja kitu. Kesho yake, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu Shamira aliusoma ubao juu ya kabati, akamgeukia.

"Banange! Ulimpa malkia kama peremende?"

"Ni mtoto, Shamira. Nilitaka afurahi."

"Peremende atanunuliwa na nyanya yake. Wewe anataka ucheze naye."

Nyanchama alienda jikoni, akaosha sufuria iliyokuwa tayari safi. Alijua vizuri ni kitu gani alichokuwa akifanya. Miaka mitano alikuwa akimtumia mtoto vitu vizuri: viatu, begi, saa ya mkononi, doli lenye nywele ndefu. Na sasa malkia. Kutuma ndiko alikokujua. Kukaa mbele ya mtoto na kumpinga, kumkasirikia, kukasirikiwa, kama mama wanavyofanya kila siku, hilo hakuwa amelipatia nafasi.

Alirekodi akiwa amesimama pale pale jikoni. "Vale. Niliona. Nilimwacha makusudi, halafu nikakudanganya. Hayo ni makosa mawili. Nilidhani utafurahi. Nisamehe, sitarudia."

Alimaliza kuosha vikombe vyote ndipo simu ikalia.

"Sawa," Valerie alisema. "Tuanze upya. Na usinihurumie. Bradley hanihurumii."

Mchezo wa pili ulichukua karibu mwezi. Nyanchama alicheza kwa nguvu zake zote. Alishika kati, akatoa farasi wote, akamficha mfalme mapema. Valerie alicheza kwa pupa, akisukuma askari wa pembeni na kumsahau mfalme wake katikati ya uwanja, na siku moja farasi wa mama akatua mahali alipowatisha mfalme na ngome kwa pamoja. Mfalme ilibidi akimbie. Ngome ikaliwa. Kuanzia hapo, hata mgeni angeona mchezo unaelekea wapi.

Na Valerie akanyamaza tena. Siku mbili. Nne. Sita.

Nyaboke alisema mtoto hana neno. Anakula, anaenda shule, anafanya kazi ya nyumbani. "Lakini akirudi anaketi mbele ya ule ubao wake, Edith. Anautazama tu. Hata nimemwambia, magokoro wako, nyanya yako, nitakuchezea mimi, akacheka, kisha akanyamaza."

Nyanchama alifikiri labda ameudhika kwa kushindwa. Akafikiri amechoka na mchezo. Akafikiri mabaya mengine mengi, akiwa na kitambaa mkononi mbele ya kioo cha chumba cha kumi na moja, mpaka akajigundua anasugua mahali pamoja. Halafu akaacha kufikiria yake, akajiuliza lile swali alilofundishwa kwenye treni: mtoto huyu anataka nini?

Ijumaa ilipofika aliamua amuulize mwenyewe. Walitumia programu nyingine ya simu, ile iliyokuwa inashika. Shamira na wengine walikuwa wametoka, chumba kilikuwa kimya, na sauti ya adhana ya alasiri ilikuwa inaingia kutoka misikiti miwili kwa zamu.

"Vale, unaogopa kushindwa?"

"Hapana."

"Umechoka kucheza?"

"Hapana."

"Basi nini, mama?" Alimwita mama, kama watu wa kwao wanavyowaita mabinti zao wakiwabembeleza.

Valerie alipumua karibu sana na simu. "Ukishinda itaisha."

"Na ikiisha?"

"Utaanza tena kuniuliza kama nimekula."

Nyanchama alifungua mdomo, na kicheko kikatoka pamoja na machozi, vikachanganyika mpaka akashindwa kuvitenga. Alijipangusa kwa upande wa kanga. Upande wa pili mtoto alikuwa akimwuliza, kwa sauti ya hofu kidogo, "Mama? Unalia ama unacheka?"

"Yote. Nisikilize, Vale. Mchezo ukiisha, tunapanga kete upya siku hiyo hiyo. Hata dakika hiyo hiyo. Ukiisha ule, tunapanga tena. Mimi siendi popote."

"Lakini wewe huwa unaenda."

Hilo lilimkata. Lilikuwa kweli, na mtoto alilisema bila kupandisha sauti. Nyanchama alitafuta neno la kulipunguza, akaliacha.

"Ndiyo. Huwa naenda," akasema. "Niliondoka na utakapokuwa mkubwa utaniuliza vizuri kwa nini, na nitakujibu vizuri. Lakini kuzungumza na wewe sitaacha. Ushinde, nishinde. Na nitakuuliza pia kama umekula, kwa sababu mimi ni mama yako na hiyo ni kazi yangu."

Nyaboke alisikika kwa mbali akifukuza kuku.

"Nimekula," Valerie akasema. "Ugali na mboga. Mfalme, f nane."

Nyanchama alishinda siku nne baadaye. Mtoto hakulia. Alituma ujumbe wa dakika mbili nzima akiuliza ni wapi alipoharibu, na mama akamweleza: ulimwacha mfalme katikati, ukawatembeza askari wa pembeni, maaskofu wako hawakutoka kamwe. Katika mchezo wa tatu Valerie alimficha mfalme kwenye hatua ya tano, akatangaza kwa majivuno: "Huyu humpati." Hakumpata. Mchezo wa tatu ulikuwa wa Valerie, na hakuna aliyemhurumia mtu.

Desemba Nyanchama alipata likizo ya siku thelathini. Njiani kutoka Nairobi hakupata hata lepe la usingizi. Alimkuta Valerie langoni, mrefu, miwani puani, mikono nyuma. Walikumbatiana kama watu wanaotazamwa. Kisha mtoto akaingia ndani, akakaa upande wa nyanya yake, na yale maneno yote yaliyokuwa yakisafiri kwa simu kila jioni yakakwama. Siku ile ya kwanza ilipita hivyo, na ya pili. Nyanchama alipika, alifua, alisalimia majirani. Alijiambia asiharakishe.

Siku ya tatu alikuwa jikoni akichambua maharagwe, simu yake ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka simu ya Nyaboke. Akaufungua.

"Askari, e nne," sauti ya Valerie ikasema, na sekunde hiyo hiyo akasikia kiti kikisogezwa chumba cha pili.

Nyanchama aliweka maharagwe chini. Akabonyeza, akarekodi kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta uliowatenganisha. "Askari, e tano."

Walikwenda hivyo hatua saba, mmoja jikoni na mwingine sebuleni, Nyaboke akiwapita katikati na ndoo ya maziwa akiwashangaa. Hatua ya nane haikuja kwa simu. Pazia lilifunguka, Valerie akaingia ameshika ubao wa katoni kwa mikono miwili, polepole, vizibo visije vikaanguka.

"Zamu yangu," akasema. "Lakini kwa simu sioni vizuri." Akaketi sakafuni, karibu na magoti ya mama yake, na baada ya muda akamwegemea bila kuondoa macho kwenye ubao.

Siku zilizobaki ziliisha upesi, kama zinavyoisha. Kwenye uwanja wa ndege Valerie alilia na mama alilia, na hilo lilikuwa jipya. Mara zilizopita alilia mmoja tu.

Nyanchama yuko Doha bado. Mkataba wake umebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa. Shamira amehamishiwa jengo jingine lakini bado wanapanda treni moja, na sasa Nyanchama humfunga mara moja katika michezo mitano, jambo ambalo Shamira husema ni kwa sababu ya usingizi tu.

Jumanne moja ya Machi, saa nane mchana, Nyanchama alikuwa kantini ya wafanyakazi, sahani ya wali mbele yake, simu ikalia. Namba ilikuwa ya Mwalimu Cyrus. Akapokea.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Valerie, na nyuma yake kelele za watoto wengi. Siku hiyo walikuwa na mashindano ya shule za eneo lao. "Mama, nimeshindwa. Michezo yote mitatu."

Halafu akaanza kulia, kile kilio cha mtoto kilichozuiwa kwa muda mrefu mbele za watu. Nyanchama alisimama, akaenda kwenye korido ambako palikuwa na utulivu. Alitaka kumwambia si kitu, alitaka kumwambia ni mchezo tu. Hakusema lolote kati ya hayo. Alisema, "Niko hapa," na kila kilio kilipopungua alisema tena, "Niko hapa, Vale."

"Nyanya yako alikuja?" aliuliza hatimaye.

"Yuko nje na akina mama wengine." Valerie alivuta kamasi. "Nilimwambia mwalimu nataka kuzungumza na wewe kwanza."

Nyanchama aliegemea ukuta.

"Huu wa mwisho nilikuwa ninashinda," mtoto akaendelea. "Nilishika kati. Nilitoa wote. Halafu nikaona naweza kula ngome, nikaila haraka, sikuuliza anataka nini."

"Niambie kuanzia mwanzo. Alianza na nini?"

Valerie akamweleza, hatua kwa hatua, akikwama, akirudi nyuma, akijikosoa, mpaka sauti ikakauka na kuwa ya kawaida, mpaka akacheka kidogo alipofika mahali ambapo mpinzani wake aliangusha kete chini ya meza. Muda wa chakula uliisha wakiwa bado katika hatua ya ishirini.

Nyanchama alirudi ghorofani amechelewa dakika kumi na tano, macho mekundu. Sunita, msimamizi wake, mama wa Kinepali asiyependa mchezo kazini, alikuwa amesimama kando ya toroli na orodha ya vyumba.

"Nani alikupigia? Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hapana," Nyanchama alisema. "Ni binti yangu. Amenipigia mwenyewe."

Sunita alimtazama kidogo. Naye alikuwa na watoto wawili kwao Pokhara. Akaikunja ile orodha, akaitia mfukoni.

"Nenda unawe uso," akasema, na akalisukuma toroli yeye mwenyewe kuelekea chumba cha tisa.